Badilisheni Kila Kitu, Tyuni Muiache

Hotuba kwa mafundi wa vyombo na wanamuziki vijana, Iringa. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti. Salamu ndefu na marudio vimepunguzwa.

Kamwene!

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, habari za kazi. Wadogo zangu wa bendi na wa kwaya, hamjambo. Mimi natokea Mbeya, pale Mwanjelwa, na kazi yangu ni ya solda: amplifaya za makanisa, spika zilizochanika, magitaa yaliyokatika waya kwa ndani. Msitegemee niongee kama profesa wa muziki. Nimeitwa niseme juu ya vyombo vya nyuzi vya asili vinavyotiwa umeme, nikakubali haraka, maana siku hizi vijana hawaishi kunijia na kibuyu mkononi: "Fundi, nitilie pikapu." Nasema pikapu ya gitaa, kifaa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme, si ile inayoshusha viazi kutoka Uporoto.

Nitaweka msimamo wangu mezani mapema, ili anayetaka kunibishia ajiandae. Chombo cha asili unaweza kukibadilisha mti, waya, ngozi, hata kibuyu ukakiondoa, na bado kikabaki chombo kile kile. Lakini ukikibadilisha tyuni, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi zake, ipi iko juu na ipi chini, umetengeneza kitu kingine na umeiba jina. Nimemaliza hotuba, yanayofuata ni maelezo.

Tuanze na ligombo, kwa kuwa tupo Uheheni. Wengi hapa mmelisikia kwa jina tu, kwa hiyo nilieleze. Ni ubao mrefu uliokombwa katikati, kingo zikaachwa zimeinuka. Kila ncha imechongwa meno. Sasa angalieni ujanja wake: uzi ni mmoja. Unaufunga kwenye jino la kwanza, unauvuta mpaka ncha ya pili, unauzungusha kwenye jino, unarudi nao, unakwenda tena, mpaka ubao umejaa nyuzi. Halafu linawekewa kibuyu ili sauti ivimbe. Hakuna vifunguo vya kuzungusha kama vya gitaa. Ukitaka mstari mmoja upande, unauvuta kwa vidole kutoka kwa jirani yake, na uzi ukiteleza kwenye jino, jirani amelegea na yeye anadai haki yake. Ukimwona mzee anatyuni ligombo hamsemeshi mtu, muacheni. Anasuluhisha ugomvi wa ukoo mzima.

Sauti yake ni ndogo. Ilitosha kwa mtu anayepiga huku anaimba na kusimulia, wasikilizaji wamekaa karibu naye. Mpeleke mtu huyo leo kwenye ukumbi wa harusi, jenereta linaunguruma nje, mshereheshaji ameshika maiki na haiachii. Nani atamsikia? Hapo ndipo umeme unapoingia, na ndiyo maana siwaelewi wanaosema kutia umeme ni kuiga Wazungu. Ni shida ya kusikika, na gitaa lenyewe liliipata shida hiyo hiyo.

Marekani, miaka ya 1920, mpiga gitaa akikaa kwenye bendi yenye tarumbeta na ngoma alikuwa anaonekana tu. George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la mtindo wa Hawaii, akahangaika na sumaku na koili mpaka mwaka 1931 akapata pikapu iliyofanya kazi. Gitaa lililotokana na hapo lilikuwa la aluminiamu tupu, duara dogo lenye mkono mrefu, watu wakalibatiza kikaango. Hataza yake ilitoka mwaka 1937. Aluminiamu ile ilikuwa na tabia mbaya: ikipata joto la taa za jukwaani inatanuka, tyuni inakimbia. Nawaambia hili ninyi wa Mufindi na Makete ambao asubuhi mnaamka na baridi ya Julai na mchana jua limewaka. Atakayetaka kutumia bomba la chuma badala ya mti, afikirie hilo kabla hajaanza kuchomelea.

Baadaye kidogo akaja Les Paul, mpiga gitaa mwingine wa Marekani. Huyu alichukua boriti ya paini, nne kwa nne, hii hii mnayoiona imepangwa Mafinga kutoka Sao Hill, akaifunga nyuzi na pikapu. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokwenda nayo kupiga, watu hawakumjali. Akarudi nyumbani, akapasua gitaa la kawaida katikati, akabandika nusu moja kila upande wa boriti, akaenda tena. Safari hii wakashangilia. Sauti ilikuwa ile ile! Mbawa zile hazikuwa na kazi yoyote isipokuwa kufurahisha macho.

Mimi nimejifunza mambo mawili kwa boriti ile. La kwanza, watu husikiliza kwa macho, kwa hiyo kijana anayebakiza kibuyu kwenye zeze lake la umeme ingawa hakifanyi tena kazi, simcheki. La pili ndilo kubwa. Gitaa lilinyang'anywa tumbo, likanyang'anywa tundu, likabaki boriti, na bado kila aliyejua gitaa aliweza kulishika akapiga nyimbo zake zote. Kwa nini? Kwa sababu nyuzi zilikuwa na tyuni ile ile na freti, vile vijiti vya shingoni vinavyogawa noti, zilikaa pale pale. Chombo kilikuwa kimehifadhiwa huko, wala si kwenye mbao.

Sasa Afrika. Kinshasa kulikuwa na mzee Mingiedi na kundi lake la Konono Nº1. Wao walipiga likembe, ndugu wa marimba zetu za mkononi, kwa hiyo si nyuzi, lakini somo ni hilo hilo. Kelele za jiji ziliwafunika, wakatafuta sumaku kwenye vyuma chakavu vya magari, wakasuka pikapu zao wenyewe. Sauti ikatoka imechafuka, inakwaruza, wao wakaona sawa tu. Albamu yao ya mwaka 2004 ilipofika Ulaya, vijana wa huko walianza kutafuta namna ya kuchafua sauti zao zifanane. Mali yupo Bassekou Kouyaté. Ngoni, chombo cha nyuzi cha huko, hupigwa mtu amekaa. Yeye akaifunga mkanda, akasimama nayo mbele kama mpiga solo, akaitia umeme, akaipitisha kwenye pedali ya wah, ile ya kukanyaga inayofanya sauti iseme 'wa-wa'. Tyuni ni ya ngoni, mikono ni ya ngoni. Addis Ababa krar za umeme, vinubi vya Ethiopia, zinapigwa kwenye bendi mpaka leo.

Na sisi tunaye wa kwetu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha Bagamoyo, mwaka 2002 alitoa albamu pamoja na Michael Brook wa Kanada, mtu wa magitaa ya umeme na mitambo. Zeze na marimba zake zimekaa humo ndani ya sauti za umeme bila kubanwa. Alifariki mwaka uliofuata. Wazee wanaodhani umeme ni wa watoto wasio na adabu, basi wajue kuwa aliyeukaribisha alikuwa mzee mwenye heshima zake zote.

Turudi kwenye meza ya fundi, hapa ndipo nina uhakika na ninachosema.

Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Inausikia uzi wa chuma tu. Uzi wa chuma ukitetemeka unaivuruga sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye koili. Ukiweka uzi wa utumbo, wa mshipa wa mnyama au wa nailoni ya kuvulia, pikapu ile ni kiziwi kabisa. Vijana hununua pikapu kwa hela nyingi, wanaifunga chini ya nyuzi za nailoni, halafu wanakuja kwangu: "Fundi, ni mbovu." Si mbovu. Ama ubadilishe nyuzi, ama ubadilishe pikapu. Waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa, ambao mafundi wa magitaa ya debe wameutumia miaka yote, mara nyingi unafaa. Upitishie sumaku kwanza. Ukishika, endelea.

Asiyetaka kubadilisha nyuzi atumie piezo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Leo kitu hicho kipo kwenye kila saa ya mezani inayolia bip: kisahani cha shaba chenye tabaka jeupe juu yake, upana wa milimita 27 au chini ya hapo. Kwa bei ni kama bure. Hakijali uzi ni wa nini, kinasikia mtetemo wa mbao au wa ngozi ulipokibandika.

Ila kina tatizo moja ambalo limewafanya watu wengi wakitukane bila sababu. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye miksa, sauti inatoka nyembamba, ya puani, haina kifua. Hesabu yake ni rahisi. Kisahani cha ukubwa ule kina nanofaradi kama 20, hicho ni kipimo cha uwezo wake wa kushika chaji ya umeme. Tundu la laini la miksa lina ukinzani wa omu 10,000 hivi. Ukivikutanisha, kila mtetemo ulio chini ya mara 800 kwa sekunde unaanza kumezwa. Na uzi mwembamba kuliko wote wa gitaa, ukipigwa wazi, unatetemeka mara 330 tu! Maana yake karibu muziki wote umebaki mlangoni. Sasa weka katikati kisakiti kidogo chenye ukinzani wa megaomu 1, yaani omu milioni moja, kwa upande wa kuingilia, ule mpaka unashuka hadi mara 8 kwa sekunde, chini kabisa ya kinachosikika na sikio. Sauti yote imepita. Kisakiti chenyewe ni transista moja ya JFET na rizista chache, au IC, yaani chipu, ya TL072, ambayo mtaikuta kwenye miksa mbovu zilizotupwa nyuma ya duka la fundi yeyote. Betri ya volti 9. Umeme ukikatika ukumbini, wewe kisakiti chako hakijakatika, ingawa spika ndiyo hivyo tena.

Kibandike wapi? Kwenye zeze, chini ya mguu wa daraja, kile kijiti kinachoinua nyuzi, au kwa ndani ya ngozi karibu na daraja. Kwenye ligombo, mwisho wa ubao, jirani na meno, kwa sababu nguvu ya uzi wote inaishia pale. Msikibandike kwenye kibuyu kwa haraka ya kuficha waya. Kibuyu ni tupu ndani, na kitu kitupu kikipewa spika kubwa mbele yake kinaanza kuisikiliza spika, spika inakisikiliza chenyewe, ndipo mnapopata lile yowe linalofanya bibi harusi azibe masikio. Dawa ni spika zitangulie mbele ya mpigaji, jaza kitambaa ndani ya kibuyu mnapokuwa na sauti kubwa, na punguza kwenye miksa ile sauti moja tu inayopiga yowe. Wengine wanaamua kutoa kibuyu kabisa na kutumia ubao mzima wa mninga. Yowe linakwisha. Na pumzi ya chombo pia inapungua, kwa hiyo chagueni kufuatana na ukubwa wa ukumbi.

Kuna jambo la mkwaruzo ambalo nataka niliseme taratibu. Vyombo vyetu vingi vina kitu kilichowekwa makusudi ili sauti iwe na mlio wa nyuki. Marimba za Wagogo zina matundu yaliyofunikwa utando wa buibui. Mtu wa sauti aliyesomea mijini akisikia hivyo anadhani ni kasoro, anaanza kuikata kwenye miksa. Na piezo yenyewe haiusikii vizuri mlio huo, maana upo hewani, haupo kwenye daraja. Ukitaka kuubakiza, ongeza maiki ndogo karibu na tundu, uchanganye viwili. Kazi inaongezeka, najua. Lakini mpigaji aliuweka utando ule kwa mkono wake. Wewe wa miksa nani kakutuma kuutoa?

Sasa tyuni.

Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Unatetemeka mzima, na hapo hapo unatetemeka nusu nusu, theluthi theluthi, robo robo, na kuendelea. Hizo sauti ndogo zimo ndani ya ile kubwa. Watafiti waliokaa na Wagogo, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria na Polo Vallejo wa Hispania, wameonyesha kwamba ngazi ya sauti za Wagogo imechotwa humo. Gitaa na kinanda havikuchotwa humo; oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina lile lile juu yake, imekatwa vipande kumi na viwili vilivyo sawa ili mtu aweze kuhama ufunguo, yaani kuanzia wimbo juu au chini zaidi, bila kutyuni upya. Wataalamu huigawa oktava vipimo 1,200, kila freti ikachukua 100. Ile sauti ya saba ya asili ya uzi, ya uzi unapotetemeka vipande saba, inakaa kwenye 969. Freti ya kumi ya gitaa ipo kwenye 1,000. Tofauti ni 31, karibu theluthi ya freti. Sikio lolote hapa litaisikia.

Sasa hivi ndivyo inavyotokea. Kijana analeta zeze lake la umeme kwenye mazoezi ya bendi. Mpiga kinanda anasikiliza, anakunja uso: "Hiki hakijatyuniwa." Kila mtu anamgeukia mwenye zeze. Anaona aibu, analivuta zeze mpaka lifanane na kinanda. Hakuna aliyeharibu kwa makusudi, lakini kuanzia siku hiyo lile zeze ni gitaa lililovaa ngozi ya mbuzi.

Nasema mpiga kinanda ndiye ahame. Na anaweza! Vinanda vingi vinavyotumika makanisani kwetu vina sehemu ya kushusha au kupandisha kila noti peke yake. Watengenezaji waliiweka kwa ajili ya muziki wa Kiarabu. Ingia kwenye menyu, shusha noti ile vipimo 31, hifadhi, umemaliza. Kinanda kimefuata zeze na hakuna aliyekufa. Wanakwaya wenyewe wakiimba bila kinanda hawaimbi kwenye vipande kumi na viwili vya kiwandani, wanaimba wanavyosikia.

Waturuki wametuonyesha njia hii tangu miaka ya 1960. Wana chombo chao, saz, chenye shingo ndefu, na freti zake si za chuma kilichopigiliwa, ni nailoni iliyofungwa kuzunguka shingo, unaisogeza unapotaka. Walipoitia umeme, wakaweka pikapu, wakaweka pedali, wakapiga roki nayo, freti za kufunga wakaziacha kama zilivyo, na zile sauti zinazokaa katikati ya noti za gitaa zikabaki. Leo ukisikia sekunde chache tu unajua hiki kinatoka Uturuki. Robert Grawi wa New York alifuata njia nyingine miaka ya 1980: alichukua wazo la kora ya Afrika Magharibi yenye nyuzi 21, akatengeneza chombo cha chuma cha pua chenye nyuzi 24 na piezo, akakipa jina jipya, Gravikord. Hiyo nayo ni haki kabisa. Alitengeneza kitu kipya na hakukiita kora. Ninachokataa ni ile ya tatu, ya kubadilisha moyo wa chombo na kuendelea kukiita ligombo kwenye bango la tamasha.

Mzee mmoja hapa mbele aliniuliza wakati wa chai: "Mwanangu, tyuni ya zamani nani anaijua tena?" Shikamoo tena mzee, swali lako ni zito kuliko hotuba yangu. Jibu moja ni hili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mashine zake za kurekodi, na katika alivyorekodi kuna ligombo la Wahehe. Alikuwa mtu wa kutembea na uma za kupimia sauti, akipima vyombo vilivyotyuniwa vipi. Mwaka 1954 alianzisha hifadhi ya muziki wa Afrika ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwa hiyo sauti ya mababu zenu ipo, inasikilizika. Mwenye simu na programu ya kutyuni gitaa anaweza kuisikiliza uzi kwa uzi. Msishike namba moja kama sheria, mashine za zamani zilikuwa na mwendo wake, lakini uwiano kati ya uzi na uzi hauharibiki kwa mashine kwenda kasi au polepole. Andikeni huo uwiano.

Na walio hai tusiwasubirishe. Ukipata mpigaji, kabla hujatoa drili, mwombe atyuni mwenyewe kwa sikio lake, bila kinanda karibu. Rekodi kila uzi peke yake, halafu wimbo mzima. Rudi siku nyingine, mrekodi tena, maana mtu hutyuni tofauti kidogo kila siku, na hiyo tofauti ndiyo inayokuonyesha wapi anajali na wapi hajali. Andika jina lake akikubali, kijiji, na tarehe. Mlipe muda wake, tafadhali. Halafu ndipo umwonyeshe kisahani chako cha shaba na umuulize kama anataka.

Swali la kijana pale nyuma, nimeliona mkono umepanda muda mrefu. Unauliza kama uweke freti kwenye zeze ili wanafunzi wajifunze haraka. Weka, lakini zifunge kwa nailoni kama Waturuki, usipigilie. Mfundishe mwanafunzi kuzisogeza mpaka zifanane na rekodi ya mzee. Akishazoea, zikate.

Leo drili sikuileta. Nimeleta kinasa sauti, visahani na solda. Tutaanza na kurekodi, mchana tutachomelea visakiti. Na kama kuna mtu nyumbani kwao kuna ligombo limening'inia darini, limepasuka, halina uzi, alilete kesho hivyo hivyo. Tyuni haitasomeka, lakini meno yatatuambia lilikuwa na mistari mingapi, na kuna wazee wawili hapa wa kulifunga uzi upya.